Kutoka Daftari la Ruzuku Hadi Daftari la Mauzo

Hotuba ya Kamati ya Hesabu kwenye mkutano mkuu wa mwaka, Dar es Salaam

   

Mmezoea kutuona sisi wa Kamati ya Hesabu mara moja kwa mwaka, tukisoma mapato na matumizi wakati harufu ya pilau inawavuta macho kuelekea jikoni. Taarifa hiyo mwaka huu imechapwa kwenye kurasa za mbele za kijitabu hiki, kila mtu ataisoma kwa nafasi yake. Leo tumepewa dakika ishirini za kueleza kwa nini Kamati Tendaji inapendekeza fedha za harambee hii ziende mahali ambapo fedha zetu hazijawahi kwenda. Tulipouliza kwa nini tuseme sisi na siyo walimu, tukajibiwa kwamba jambo lenyewe ni hesabu. Ni kweli, ni hesabu.

Umoja wetu umejenga. Vyumba vya madarasa, vyoo, paa la zahanati, madawati. Ukienda nyumbani unavigusa kwa mkono na jina la umoja limeandikwa ukutani kwa rangi. Mwaka huu tunaomba mchango wa kitu ambacho hakina ukuta wa kuandikwa jina. Tunaomba mchango kwa ajili ya watu wazima wa tarafa yetu ya Mlalo ambao hawakusoma, au waliishia darasa la pili, la tatu, na ambao kwa miaka kadhaa wamekuwa wakiishi kwa msaada wa ruzuku ya TASAF pamoja na kile tunachowatumia sisi kwa simu. Tunataka watoke hapo waende kwenye kazi inayowalisha. Neno "kazi" tutalirudia baadaye, maana nyumbani kwetu kazi si kuajiriwa ofisini.

Tuanze na ruzuku yenyewe, kwa kuwa wengi wetu mjini tunaisikia kwa juu juu. TASAF ilianzishwa mwaka 2000. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulikuja baadaye, na kipindi chake cha pili kilizinduliwa Februari 2020. Umefikia zaidi ya kaya milioni 1, Bara na Zanzibar. Kaya zinatajwa na wanakijiji wenyewe kwenye mkutano wa hadhara, kisha zinahakikiwa. Malipo hutoka kila baada ya miezi miwili, na sehemu yake inategemea watoto wahudhurie shule na kliniki. Wenye nguvu hupewa ajira za muda: kuchimba matuta, kupanda miche, kutengeneza barabara za kijiji. Katika kipindi cha pili zilipangwa siku 60 kwa mwaka, Sh 3,000 kwa siku. Piga hesabu: Sh 180,000 kwa mwaka mzima. Tunaomba mwishike hiyo 180,000 kichwani, tutaihitaji punde.

Ndugu zangu, yupo mtu hapa aliyewahi kusema ruzuku inawafanya watu wavivu. Hatutamtaja, maana yuko wengi. Tunachosema ni kwamba mtu anayeinama na jembe kwenye mteremko wa kwetu, ule ambao sisi tukirudi Desemba tunaupanda tukihema, kwa Sh 3,000 kwa siku, neno la kumfaa litafutwe lakini siyo mvivu. Na kama kupokea msaada ni uvivu, basi tuangaliane humu ndani. Kila mmoja wetu ana TASAF yake ndogo kwenye simu. Shangazi mwanzo wa mwezi, mjomba shule zikifunguliwa, binamu mvua ikichelewa. Tunatuma bila kuhudhuria mkutano wa hadhara na bila uhakiki, na hakuna hata mmoja wetu anayejua ruzuku hiyo itaisha lini.

Ile ya serikali ina mwisho. Kaya ikionekana imeinuka kiuchumi inafanyiwa tathmini na kuondolewa kwenye daftari. Kuondoka huko kunaitwa kuhitimu. Ni neno zuri la shule, linatumika kwa mtu ambaye huenda hajawahi kuingia shule. Vijijini kwetu wapo waliokwisha kuhitimu, na wapo wanaojua zamu yao haiko mbali. Swali letu la kihasibu ni hili: siku malipo yanapokoma, ni kitu gani kinaingia mahali pake? Mbuzi wawili walionunuliwa kwa ruzuku wanaweza kuingia. Genge la mboga linaweza kuingia. Lakini mbuzi hufa na genge hufilisika, na mara nyingi tatizo si bidii.

Tuchukue viazi mviringo, kwa kuwa kila mtu humu amekula viazi vya kwetu hata kama alivinunua akidhani vimetoka kwingine. Mkulima anauza shambani au pale Lukozi. Mnunuzi anakuja na gunia lake, linajazwa, linashonewa kofia juu, kofia inajazwa tena. Ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo inakataza mzigo wa mazao kuzidi kilo 100 na kila mwaka tunasikia tangazo, lakini sheria haiwezi kumsaidia mtu ambaye mizani haimwambii kitu. Chukua mfano tu: bei ni Sh 60,000 kwa gunia. Kama gunia ni la kilo 100, kila kilo imeuzwa Sh 600. Kama gunia lina kilo 130, zile kilo 30 zimekwenda bure, na kwa bei ileile ni Sh 18,000. Kwenye gunia 10 ni Sh 180,000.

Mnaikumbuka 180,000? Ni ujira wa ajira za muda wa mwaka mzima. Siku 60 za jembe zimeondoka kwenye gunia 10, asubuhi moja, kabla gari halijateremka Soni kwenda Mombo. Mama aliyeuza amerudi nyumbani akiwa na noti mkononi na ameridhika, kwa sababu hakuna aliyemwonyesha kilichopotea. Sisi tumesomea hesabu za makampuni makubwa na tunakiri kwamba hatujaona hasara inayofichika vizuri kama hiyo.

Ndiyo maana tunasema kujua kusoma, kuandika na kuhesabu ni nyenzo ya kazi kama jembe, siyo pambo la mtu aliyeendelea. Ona mahali pengine inapouma. Siku hizi ruzuku inalipwa pia kwa simu na benki, jambo jema, linapunguza foleni. Lakini mama asiyejua tarakimu humpa mtu mwingine namba yake ya siri. Kwa kawaida ni mjukuu au jirani, na kwa kawaida ni mwaminifu. Mkopo wa kikundi unaletwa na karatasi nne. Yeye anaambiwa weka dole hapa. Anaweka. Masharti atayajua siku ya kudaiwa. Chupa ya dawa ya mboga ina maelezo ya kipimo na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Kwake ni picha ya mdudu na rangi.

Tuna jambo ambalo wazee waliopo hapa watalishuhudia kuliko sisi. Nchi hii ilikwisha kufanya kazi hii. Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya kuukaribisha mwaka, tarehe 31 Desemba 1969, aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Watu walisoma kisomo chini ya miembe, kwenye maghala ya ushirika, misikitini na makanisani. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa kwa vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Mwaka 1986, kwa hesabu za serikali, watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa chini ya asilimia 10. Kisha uchumi ukayumba, wawezeshaji wakakosa posho, madarasa yakafifia. Sensa ya 2012 ilikuta wanaojua kusoma na kuandika, kuanzia miaka 15, ni asilimia 78. Maana yake zaidi ya mtu mmoja kati ya watano hakujua. Kizazi kimoja kilipanda ngazi, kinachofuata kikateleza.

Na tusidhani hao wote ni wazee. Wapo wa umri wetu. Tulianza nao darasa la kwanza. Sisi tukaendelea, wao wakabaki kuchunga au wakapelekwa mjini kufanya kazi za ndani wakiwa wadogo. Wamerudi nyumbani wakiwa na watoto, hawana cheti na hawana mtaji. Leo baadhi yao ndio walengwa wa TASAF. Tunajua majina yao ya utotoni.

Sasa, je, darasa peke yake linatosha? Hapana, na hapa tungependa tueleweke vizuri, maana tumeona miradi ya kisomo iliyokwisha siku chaki zilipokwisha. Mtu mzima hasomi ili afaulu mtihani. Anasoma kwa kuwa kuna kitu anataka kufanya kesho. Wataalamu wetu wa elimu ya watu wazima wanalijua hili. Ule utaratibu wanaouita MUKEJA unaanza kwa kuwauliza wanakisomo wanataka kujua nini na mradi gani waufanye pamoja, ndipo herufi zifuate. Akitaka kuuza viazi, aanze na tarakimu za mizani. Akitaka kufuga kuku, aanze na kalenda.

Kuku wanastahili maneno mawili. Shirika la BRAC la Bangladesh lilianza mwaka 2002 mpango wa kuwainua watu maskini kabisa: unampa mtu mali ya kuzalisha, mara nyingi mifugo, unampa posho ya kula kwa muda ili asiiuze, unamfundisha, unamsaidia kuweka akiba, na mtu anamtembelea mara kwa mara kwa karibu miaka miwili. Watafiti wakaupima mpango wa aina hiyo katika nchi sita, mojawapo Ethiopia, na matokeo yakatolewa mwaka 2015. Mwaka mmoja baada ya msaada wote kusimama, kaya zilikuwa bado ziko juu kuliko zile zilizokosa mpango. Nchi moja matokeo yalikuwa hafifu: Honduras. Walipewa kuku, na kuku wengi wakafa kwa ugonjwa.

Nani hapa hajazika kuku wa kideri? Chanjo ipo, ni tone moja la jicho, inarudiwa kila baada ya miezi 3, na gharama yake kwa kuku mmoja ni ndogo kuliko ya pipi. Kinachoshinda ni kukumbuka tarehe, kujikusanya watu kadhaa ili chupa moja iishe siku hiyohiyo, na kuandika nani amechanja. Kalenda, kikundi, daftari. Mtu akivipata hivyo vitatu, kuku anakuwa kazi. Akivikosa, kuku ni bahati nasibu.

Kwa hiyo mpango tunaouleta una darasa, na una mtu wa kufuatilia nyumba kwa nyumba baada ya darasa. Hicho cha pili ndicho watu hukikata kwanza bajeti ikibana. Tunaomba msikikate.

Kuna kitu kingine ambacho tulikaribia kukisahau, akatukumbusha mmoja wa mama zetu. Miwani. Mtu akifika miaka 40 na kuendelea, macho ya karibu yanaanza kukataa. Wengi wetu mezani hapa tumeshika kijitabu hiki kwa mkono ulionyooka, msijifiche. Mjini unanunua miwani ya kusomea dukani. Kijijini mtu wa miaka 50 analetwa darasani, anatazama ubao na daftari, haoni kitu, anasema "mimi kichwa changu kigumu", harudi tena. Kichwa chake hakina tatizo. Utafiti uliofanyika vijijini Bangladesh na kuchapishwa mwaka 2024 uliwahusisha watu zaidi ya 800 wa miaka 35 hadi 65. Nusu walipewa miwani ya kusomea, nusu walisubiri. Baada ya miezi minane waliopewa miwani walikuwa wanapata kipato cha theluthi moja zaidi. Ni miwani tu! Kushona, kuchagua mbegu, kuchambua nafaka, vyote vinahitaji jicho la karibu. Hatukuhitaji kubishana tena kwenye kamati; miwani imeingia kwenye bajeti.

Turudi kwenye neno kazi, tulivyoahidi. Kwa watu tunaowazungumzia, kazi ni kilimo cha mboga bondeni, kuku, mbuzi wa maziwa, cherehani, kuoka, uashi, useremala, kubeba na kupanga mizigo. Hizi kazi wanazifanya tayari. Kinachokosekana ni zile hatua mbili tatu zinazoigeuza shughuli iwe kipato. Fundi uashi aliyejifunza kwa kushika mwiko miaka 15 anajenga vizuri kuliko kijana mwenye cheti, lakini mkandarasi wa mradi wa barabara au wa jengo la serikali anamwuliza cheti. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi anapimwa kwa vitendo na maswali, akionekana anaiweza kazi anapewa cheti bila kukaa chuoni tangu mwanzo. Wangapi nyumbani wanaujua? Na nani atawajazia fomu?

Halmashauri nazo zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 ili kurekebisha utaratibu, ikarudi mwaka uliofuata. Ili kikundi kikope lazima kisajiliwe, kiwe na katiba, akaunti, mihtasari ya vikao na andiko la mradi. Kikundi ambacho hakina hata mmoja wa kuandika muhtasari kinabaki nje, au kinamtafuta "mwandishi" wa mjini anayedai sehemu ya mkopo kama ujira. Halafu mkopo unakuwa wa mwandishi.

Tumesikia pingamizi mbili kwenye vikao vya awali na ni haki zijibiwe hapa hadharani. Ya kwanza: hii ni kazi ya serikali. Ni kazi ya serikali, ndiyo. Halmashauri ina afisa wa elimu ya watu wazima, na tumekusudia kufanya kazi chini ya ofisi yake, kwa vitabu vyake na kwa usajili wake. Lakini madarasa ya watoto nayo ni kazi ya serikali na tuliyajenga bila mtu kuuliza. Ya pili ni nzito zaidi: watu wazima watakuja wiki mbili kisha waache. Wataacha, kama tukiweka darasa saa tisa mchana, siku ya gulio, kwenye madawati ya darasa la kwanza, na mwezeshaji anayewagombeza kama watoto. Mtu mwenye wajukuu hawezi kuitwa "wewe". Kwa hiyo madarasa yatakuwa jioni mara tatu kwa wiki, yatapungua msimu wa kupanda, watakaa kwenye viti, na akina mama wataruhusiwa kuja na watoto wachanga. Wawezeshaji wawili kwa kila darasa: mwalimu mstaafu mmoja, kwa kuwa anaheshimika, na kijana mmoja wa kidato cha nne aliye nyumbani bila kazi. Huyo kijana naye tumemtoa kwenye daftari letu la kutumiwa hela, msisahau kumhesabu.

Hesabu sasa. Tunapendekeza madarasa matatu, katika vijiji vitatu, watu 25 kila darasa. Masomo ni miezi 10. Kufuatilia nyumba kwa nyumba ni miezi 12 inayofuata. Kwa darasa moja: posho ya wawezeshaji wawili, Sh 80,000 kila mmoja kwa mwezi, ni Sh 1,600,000. Hapo mmeona mara moja kwamba tumeandika kimakosa, au siyo? Hesabuni vizuri: tulianza na bajeti ya Sh 40,000 kwa mwezi, na walimu wastaafu wenyewe ndio waliotuambia kwamba kwa jioni tatu kwa wiki Sh 80,000 wagawane wawili haitoshi. Basi ni Sh 80,000 kwa kila mmoja, wawili, miezi 10: Sh 1,600,000. Daftari, kalamu, chaki, ubao na taa ya sola, Sh 350,000. Miwani 25, Sh 250,000. Mizani ya mazao iliyohakikiwa, Sh 300,000; itabaki mali ya kikundi. Chanjo ya kuku ya kuanzia, Sh 80,000. Mfuatiliaji, Sh 60,000 kwa miezi 12, Sh 720,000. Jumla Sh 3,300,000. Madarasa matatu ni Sh 9,900,000. Gawanya kwa watu 75, ni Sh 132,000 kwa mtu mmoja.

Kwa kulinganisha, serikali ilipojenga madarasa kwa fedha za UVIKO-19 mwaka 2021, kila chumba kilitengewa Sh milioni 20. Tunaomba pungufu kidogo ya nusu ya chumba kimoja. Hatusemi tuache kujenga vyumba. Tunasema mtoto anayekaa kwenye chumba tulichojenga anarudi jioni kwa mama asiyeweza kusoma barua ya mwalimu, na chumba kile kinafanya nusu ya kazi yake.

Tutapimaje kama fedha zimefanya kazi? Hatutaleta idadi ya waliohudhuria, hiyo ni rahisi kuipamba. Tutawaletea mambo manne. Wangapi wanaandika mauzo na matumizi yao kwa mkono wao. Wangapi wanauza kwa mizani. Wangapi bado wana mifugo yao miezi 12 baada ya darasa kufungwa. Na katika waliohitimu TASAF, wangapi wanakula kama walivyokuwa wakila, bila kutupigia simu. Hilo la mwisho tutaliuliza kwenu, maana kumbukumbu ziko kwenye simu zenu. Atakayeacha darasa atahesabiwa kuwa ameacha, na sababu itaandikwa.

Kuhusu usalama wa fedha: michango yote itaingia akaunti ya umoja, ikiwa na jina la mradi huu pekee, na haitahamishiwa jambo jingine bila mkutano mkuu. Watia saini ni watatu, mmoja wao akiwa mzee anayeishi nyumbani. Posho za wawezeshaji zitalipwa mwisho wa mwezi baada ya daftari la mahudhurio kusainiwa na mwenyekiti wa kijiji na wanakisomo wawili. Miezi michache ya mwanzo watasaini kwa dole gumba. Mwezi wa sita tutapenda kuliona daftari hilo.

Mwanachama anaweza kumchukulia mwanakisomo mmoja kwa Sh 132,000, kwa mara moja au kwa awamu tatu. Anayetaka kuchangia kipengele kimoja, tuseme mizani au miwani ya darasa zima, aandike hivyo kwenye fomu ya ahadi iliyo ukurasa wa nyuma wa kijitabu hiki. Wenye miwani ya kusomea wasiyoitumia waikabidhi kwa katibu leo. Zitapimwa kabla ya kupelekwa. Walimu wastaafu mliorudi nyumbani au mnaokusudia kurudi mwakani, tafadhali mtuone kabla chakula hakijaanza, tunakaa meza ya pili kulia. Ahadi zitapokelewa hadi mwisho wa Machi, na madarasa yanakusudiwa kufunguliwa baada ya masika, mwezi Juni.